Kioo Kilichoachwa Bubu

Manchester, Uingereza
3 Februari 1971

Kwa dada yangu Wanu,

Shikamoo dada. Nakuamkia wewe na shemeji Simai, na Kiponda yote mlango kwa mlango, usimruke mtu akaja kuninunia. Mimi na mtoto Shemsa tupo. Tumekohoa wiki nzima, lakini tupo. Habari ninayoitaka hasa unaijua kabla sijaandika: Mwanamwema wangu yu mzima? Anakula? Usiku bado anaamka kulia, au kashaacha?

Masoud kaniletea talaka yangu kwa posta, mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa mji mmoja, dada, na alishindwa kupanda basi. Basi, tusimzungumze.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana watu wanakuuliza na wewe huna la kuwajibu. Unakumbuka nilipokuwa karani wa taipu, nikikosea herufi moja narudia ukurasa mzima? Hapa chuoni wana kompyuta, mashine ya hesabu inayojaza chumba. Watu wanasema nayo kwa taipu iliyofungwa na kioo. Unapiga herufi, zinatokea kiooni badala ya karatasini. Waliniajiri nipige maagizo wanayoiandikia hiyo mashine, maelfu ya mistari. Katika kupiga nikawa naona makosa yao. Siku moja nikamwambia Bwana Fenton, mwalimu mzee anayesimamia chumba, “Hapa umefungua, na hukufunga popote.” Akatazama, akacheka peke yake, akanipa kitabu. Sasa nami naandika maagizo.

Tunatengeneza programu ya kusahihishia maandishi palepale kiooni. Karani anatoa neno, anatia neno, bila kupiga upya. Kipande changu ni hali za kioo. Kioo kina hali mbili. Hali ya kawaida ni kama karani wa posta: jaza fomu yako, kosea, futa, yeye hana habari mpaka umpe mkononi ndipo asome. Programu yetu haiwezi hivyo. Inataka kila kitufe kikiguswa ipate habari saa ile ile, na kioo kisijiandikie chochote, ila iandike yenyewe. Basi programu ikianza nakitoa kioo katika hali ya kawaida nakitia katika hali ya pili, na ikimaliza nakirudisha. Kutia na kutoa, ndiyo kazi yangu yote. Lakini kwa kazi hii wananiita kwa jina langu, si “yule msichana wa taipu”.

Dada, nilikuachia Mwanamwema ana surua, tiketi ya kumfuata Masoud mkononi, tukasema miezi mitatu. Leo ni mwaka na nusu. Sikusahau. Usiache akasahau na yeye.

Mdogo wako,
Tabia, mama yao Mwanamwema na Shemsa


Kiponda, Unguja
19 Aprili 1971

Mdogo wangu Tabia,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Afya zetu nzuri, ila miguu yangu kwa kusimama foleni ya mchele, na Simai kwa mgongo wake wa bandarini. Tunamshukuru Mungu, wenye shida zaidi yetu wapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nimemsomea Simai. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Yaani Tabia kavuka bahari zote hizo akafungue dirisha na kulifunga?” Nikamwambia, “Wewe unabeba magunia kuyatoa melini ukayatia ghalani, na yeye si ndiyo kutia na kutoa?”

Mwanamwema mzima, kavimba mashavu. Haamki tena usiku. Nilipomsomea habari ya kioo akauliza, “Mama ananiona humo?” Nikasema hakuoni. Akasema, “Basi kioo gani hicho?” Sasa jibu mwenyewe.

Nikupe habari ya aibu iliyonipata. Tulikuwa na harusi ya wifi yangu. Nyumba haikutosha, tukaazima chumba cha Bi. Biasha wa chini, yule ambaye macho yameingia mtoto wa jicho. Akatoa kwa moyo mweupe, akenda kulala kwa mwanawe siku tatu. Tukatoa kitanda, kasha, mitungi, tukatandika mikeka. Harusi ikaisha, nikawasimamia wasichana wenyewe kurudisha. Wallahi Tabia tulipanga vizuri kuliko alivyopanga mwenyewe. Kitanda tukakinyoosha ukutani, maana alikuwa kakiweka upande kama kimelewa. Kasha tukaliweka chini ya dirisha. Tukafagia, tukafukiza udi.

Bi. Biasha akarudi na furaha zake, akaingia na kikombe cha chai mkononi, hatua nne, akajikwaa kwenye kasha akaanguka. Kumbe chumba chake anakitembea kwa kuhesabu. Hatua nne kutoka mlangoni ni kitanda, na kitanda kimewekwa upande ili mkono ukipate kabla ya goti. Sisi tumempangia chumba cha mtu anayeona! Kaniambia, “Wanu, nilikuazima changu, umenirudishia chako.” Nilitamani sakafu ipasuke. Goti lake limepona, lakini bado akinisikia ngazini anaguna.

Toka siku hiyo, shughuli yoyote mtaani, mtu wa kwanza kuingia chumba cha kuazima ni mimi na kipande cha chaki. Kila mguu wa kitanda nauchorea pale uliposimama kabla hakijaguswa kitu. Wananicheka. Na wacheke, chumba si changu.

Mwanao nampenda, unajua. Mungu hakunipa wa tumboni. Njoo lakini.

Dada yako,
Wanu


Manchester
11 Juni 1971

Dada Wanu mpenzi,

Shikamoo. Niombee radhi na mie kwa Bi. Biasha, na umpe pole ya goti. Huku kumekuwa na jua siku mbili watu wamevua makoti kama wendawazimu. Shemsa kaota meno manne na yote kanionyesha begani. Mwanamwema je? Nipimie urefu wake kwa uzi, uukate, uutie katika bahasha.

Dada, barua yako niliisoma ndani ya basi nikapitiliza kituo changu.

Bwana Fenton ana kioo chake mwenyewe cha zamani, kinaandika herufi kubwa tu, na kila mstari ukiisha kinataka kusubiriwa kidogo kivute pumzi. Kila akitumia programu yetu akitoka, kioo kinamharibikia. Mistari inapandana, herufi zinageuka. Wiki mbili ananiambia, na wiki mbili namwambia, “Bwana, mimi nakirudisha katika hali ya kawaida, kosa ni la kioo chako.” Ile hali ya kawaida nilikuwa naijua mimi: ya vioo vipya vyote vya chumba kile. Nilikuwa nampangia chumba cha mtu anayeona.

Nimefuta nikaanza upya. Sasa agizo la kwanza kabisa, kabla sijagusa kitu, ni kukiuliza kioo: ulikuwaje? Jibu naliandika pembeni. Agizo la mwisho ni kukirudishia jibu lile lile, hata kama mimi naliona baya. Bwana Fenton akajaribu mara sita. Kisha akaniuliza, “Nani kakufundisha hivi?” Nikasema, “Dada yangu. Kwenye harusi.” Akadhani namfanyia mzaha.

Nimepewa mkataba wa miaka miwili, na mwakani nna likizo ya mwezi mzima. Nikija nakuja Shaaban, tufunge wote. Na kurudi huku nitarudi na Mwanamwema, karatasi zake nimeshaanza kuzihangaikia. Mwambie. Nataka alijue hilo awe nalo.

Mdogo wako,
Tabia


Kiponda, Unguja
6 Agosti 1972

Mdogo wangu Tabia,

Salamu nyingi, na za mwanao juu yake. Sisi wazima, wewe ndiye wa kuulizwa, maana barua tatu za mwaka huu zote fupi, na zote “nimechoka dada”. Unakula? Au kile kioo ndicho kinachokula?

Nimepata habari yako kwamba unakuja mwezi ujao. Sasa nisikilize, nami nakwambia kama mkubwa wako. Mwanamwema si yule uliyemuacha. Ana miaka sita na nusu, ana maneno kama bibi harusi wa pili. Nikimwambia siku, ataishika. Mtoto humwambii kitu ukakitoa tena kichwani mwake, hakuna mlango wa kukitolea. Kwa hiyo usinijibu “inshallah” ya kupozea. Niandikie una hakika au huna. Kama huna, nitakaa kimya, na siku utakayotokea itakuwa furaha ya ghafla. Kama unayo, nipe tarehe, nitamwambia na nitamshonea gauni.

Mimi nakuomba tu uchague moja.

Dada yako,
Wanu

Uzi mwingine huu hapa. Wa mwaka jana utupe, kaupita.


Manchester
1 Septemba 1972

Dada,

Shikamoo, na haraka hii unisamehe, Shemsa ana homa kidogo na mkono mmoja umembeba.

Nna hakika. Alkhamisi, tarehe 28 Septemba, ndege ya jioni inayotoka Dar es Salaam. Tiketi ninayo, nimeiweka ndani ya msahafu. Mwambie. Mshonee gauni la rangi yoyote asiyokataa. Uzi wake nimeufunga kifundoni mwa mkono, dada, naufikia kwa meno nikifikiri.

Mdogo wako,
Tabia, mama yake


SIMU YA MAANDISHI
27 SEPTEMBA 1972

WANU KIPONDA ZANZIBAR
NIMEZUILIWA KAZINI WIKI MBILI TU. BARUA INAKUJA. MPE POLE MWANANGU.
TABIA


Kiponda, Unguja
2 Oktoba 1972

Tabia,

Sisi ni wazima, na ninyi tunawaombea uzima.

Simu yako imefika Jumamosi. Sisi tulikwenda uwanja wa ndege, Kisauni, Alkhamisi.

Nitakueleza yote, maana ni haki yako kuyajua. Aliamka kabla ya adhana akavaa gauni, la manjano, kachagua mwenyewe. Nikamvua nikamwambia litachafuka, ndege ni ya jioni. Akalivaa tena. Saa nane mchana Simai kaazima gari ya rafiki yake. Uwanjani alikuwa anamwambia kila mtu, mpaka askari, “Mama yangu anakuja, ana mtoto mdogo, ni mdogo wangu.” Askari akamwinua juu ya uzio aone vizuri.

Ndege ikatua. Wakashuka watu kumi na mmoja, alikuwa akiwahesabu kwa sauti. Wakashuka wenye mizigo, akashuka rubani. Akaniambia, “Labda kalala ndani. Si umesema anachoka?” Nikamwambia ngoja tuulize. Simai akenda kuuliza, akarudi akitazama viatu vyake. Wakafunga mlango wa ndege. Akasema, “Mbona wanamfungia?”

Hakulia, Tabia. Ningependa alie. Garini akaniuliza mara moja tu kama tarehe ishirini na nane nyingine ipo. Nikasema ipo kila mwezi. Nyumbani kalivua gauni, kalikunja vizuri, kampelekea Bi. Biasha wa chini, kamwambia, “Kitambaa hiki kata vitambaa vya kufutia.”

Sijui kumetokea nini huko, na sitaki kukuhukumu sijui. Lakini kama ni kile kioo kimekuzuia, basi kina bahati kioo hicho, kina mtu wa kukirudisha alivyokikuta.

Usinipe tarehe nyingine ya kumwambia. Sitaipokea.

Dada yako,
Wanu


Manchester
14 Oktoba 1972

Dada yangu Wanu,

Shikamoo, hata kama hutaitika. Ramadhani njema kwenu nyote. Shemsa kapona. Mimi sina la kusema juu ya afya yangu.

Nimeanza barua hii mara nyingi na zote zilikuwa za kujitetea. Hii nimeamua iwe ya kweli tu.

Kioo nilikuwa nakirudisha vizuri, lakini kwa mlango wa mbele tu: mtu akimaliza kazi, akaiambia programu anaondoka, ndipo agizo langu la mwisho linapofanya kazi. Kuna kitufe cha kukatiza. Mtu akichoshwa anakibonyeza, programu inakufa palepale ilipo, haifiki kwenye agizo la mwisho. Sikufikiria anayetokea dirishani. Kioo chake kinabaki katika hali ya pili na hakuna tena wa kukiandikia. Kinakuwa bubu. Unapiga, huoni kitu. Na mashine haijafa, dada, hilo ndilo baya lake. Inasikia kila herufi. Jumanne ile, siku moja kabla ya safari yangu, walikuja wageni wengi kuitazama programu, wakabonyeza ovyo, vioo vinne vikawa bubu. Mwalimu mmoja akadhani mashine imekufa akapigapiga kwa hasira, na mashine ikamtii yote aliyopiga. Alifuta kazi yake ya mwezi mzima bila kuona hata herufi moja.

Bwana Fenton aliniita. Nitakuandikia alivyosema, neno kwa neno, na huyo Harris anayemtaja ni mwenzangu wa kazi:

“Tabia, una ndege kesho.”

“Nna kazi hii, bwana.”

“Harris ataimaliza. Siku tatu, nne. Mpaka hapo mtu akipotewa na kioo atazima na kuwasha.”

“Sehemu hii ni yangu.”

“Itakuwa yako ukirudi pia.”

Nilikuandikia nimezuiliwa. Hakuna aliyenizuia. Mlango ulikuwa wazi na mzee wa watu kanishikia kabisa. Nikaogopa. Nikaona Harris atatia mkono, watasema yule msichana wa taipu alijaribu, Harris akaitengeneza. Nikajiambia wiki mbili mtoto hazijui, mtoto hana kalenda. Na wewe ulikuwa umeshaniambia kwamba ataishika.

Nikakaa. Nikaitengeneza kwa siku tisa, nikafunga kila tundu: akimaliza, akikatiza, programu ikijifia yenyewe kwa kosa, kote huko sasa lazima ipite kwenye agizo la kurudisha ndipo itoke. Inafanya kazi. Wamenipongeza, wameandika jina langu juu ya ukurasa wa kwanza wa maagizo. Nikaenda chooni nikakaa na barua yako ya Kisauni mpaka mtu akabisha.

Tiketi imepotea, ya bei ile hairudishwi wala haibadilishwi. Nitaanza upya. Sikupi tarehe.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba unijibu tu.

Mdogo wako,
Tabia


Manchester
20 Januari 1973

Dada Wanu,

Shikamoo. Huu mwezi wa tatu sijapata mstari kutoka kwako. Natumai ni posta, nikijua si posta. Idi zimepita mbili, ndogo na kubwa. Shemsa sasa anasema maneno, na neno “dada” nimemfundisha kwa picha ya Mwanamwema.

Ameanza skuli? Nijibu hilo moja.

Mdogo wako,
Tabia


Kiponda, Unguja
9 Mei 1973

Mdogo wangu, mwanangu Tabia,

Nimechelewa, na kuchelewa huku si kwa hasira kama unavyodhani. Hasira ilinitoka zamani, kabla ya Idi ya kwanza. Sote wazima. Bi. Biasha kafariki mwezi wa Februari, usingizini, tumemzika Mwanakwerekwe. Muombee.

Ulisema kweli yako na mimi nina yangu, imenikaa kooni tangu Januari.

Nilimpeleka Mwanamwema skuli kuandikishwa. Tulisimama mstari mrefu wa wazazi. Mwalimu akamuuliza mwenyewe, ndivyo wanavyofanya, wanataka kujua kama mtoto ana akili: Jina lako nani? Akasema Mwanamwema Masoud. Unakaa wapi? Kiponda. Mama yako nani? Akasema, kwa sauti ile yake ya kusikika hadi barabarani, “Wanu Jecha.”

Mwalimu akaandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mkono wangu uko begani mwake. Kulikuwa na wakati wa kusema, Tabia. Mwalimu alichovya kalamu mara mbili. Sikusema. Nikaona raha, Mungu anisamehe, raha iliyonijaa mpaka miguuni. Tulipotoka nje nikawa siwezi kumtazama.

Nikakaa nalo wiki. Kisha nikamweka kitako nikamwambia, “Wajua mama yako aliyekuzaa ni Tabia, mimi ni dada yake.” Akaniambia, “Nnajua. Nnamkumbuka, alikuwa na kanga ya korosho na akinisuka anaimba.” Nikamuuliza, mbona basi ulimtaja Wanu kwa mwalimu? Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. “Mwalimu kauliza ili ajue nani atakuja kunichukua mvua ikinyesha.”

Sikumfundisha hayo. Naapa kwa kaburi la mama yetu sikumfundisha. Lakini pia sikumkosoa, na daftari la skuli linasema hivyo mpaka leo.

Sasa umemwandikia Simai kwamba mkataba unaisha na unarudi Unguja moja kwa moja. Karibu kwenu, chumba kipo. Lakini niambie nimwambieje. Anakuja nani? Nimwambie, “Anakuja mama kukuchukua”? Atakwenda kwako ukimwita, ni mtoto mwenye adabu. Atafunga vitu vyake akukalie kitako huko utakakopanga. Na mimi nitakupa, sitashika nguo yake, ni wako, hajawa wangu kwa sababu ya kalamu ya mwalimu. Ila usiku wa kwanza asipolala, usije kunigongea. Sitaweza kusikia hodi hiyo nikarudi kulala.

Chagua wewe. Mimi mara hii siwezi kukuchagulia.

Dada yako,
Wanu


Manchester
2 Juni 1973

Dada yangu Wanu,

Shikamoo dada. Inna lillahi, Bi. Biasha. Nilimtia katika kazi yangu na hakujua. Mungu ampokee.

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, nikakaa chini, nikaisoma tena. Nilipofika pale kwenye raha yako nililia, na si kwa kukuonea kinyongo. Kuna mtu alimpenda mwanangu mpaka miguuni, na mimi niwe na hasira?

Tangu Septemba nilikuwa na picha moja kichwani. Nakuja, namkuta pale pale nilipomuacha, kitandani ana surua, mkono umeshika kanga yangu hataki niende. Namchukua pale, tunaendelea. Nimeilea picha hii kama mimba. Sasa naona hayupo pale, wala hajakuwapo siku nyingi. Huyo aliyepo ana skuli, ana njia yake ya kurudi nyumbani, na anajua nani ana mwavuli.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nakuomba usibishane nami, maana nikibishwa nitalegea. Daftari la skuli liache. Usiende kulifuta. Mtoto abaki kwako, katika chumba chake, kitanda chake kisisogezwe. Mimi na Shemsa tunakuja kukaa Unguja, jirani, chumba cha kupanga anitafutie Simai, karibu lakini si nyumba moja, mpaka mtoto mwenyewe azoee uso wangu. Asifichwe kitu. Akiuliza nani kamzaa, aambiwe na mimi au na wewe, yeyote atakayeulizwa. Lakini neno “mama” ni lake, anampa anayemtaka, na keshampa mtu. Mimi sitalidai.

Usidhani nimekuwa mwema. Nimeuma mto usiku mzima. Ila nilikuwa na siku moja ya kuwa mama wa kumchukua, nikaitumia kwa kitu kingine, na siku ile sina pa kuipata.

Kazi nimeikabidhi. Bwana Fenton aliniuliza nani amwachie kile kipande, nikamwambia Harris. Ni mtu mwangalifu.

Tarehe sikupi. Ndani ya hii kuna karatasi yake mwenyewe. Kashajua kusoma, mpe asome peke yake.

Mdogo wako,
Tabia


Kwa Mwanamwema Masoud, Kiponda

Hujambo mwanangu? Umzima? Skuli unaiona vipi, na mwalimu wako mkali au si mkali? Mimi sijambo. Nasikia unasoma mpaka maandishi ya magunia ya shemeji Simai.

Nilikwambia nitakuja tarehe ishirini na nane na sikuja. Hakuna aliyenizuia. Ningeweza kuja nikachagua kazi, na nilikosea. Mkubwa akikosea naye aseme, ndiyo nakwambia.

Siku moja utasikia mtu anabisha hodi ngazini, kabeba mtoto wa miaka mitatu anayelia. Mtoto ni Shemsa, ni ndugu yako. Mkubwa ni mimi. Ukitaka kuniamkia utaniamkia. Usipotaka, usilazimishwe na mtu, hata mama yako Wanu asikulazimishe. Niletee maji tu, nitakuwa nimetoka safari.

Ni mimi,
Mama yako mdogo,
Tabia